Grantley Adams wa Barbados: wakili aliyeingia siasa za wafanyakazi

Ndugu mawakili, ndugu viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wanafunzi, na wageni wetu nyote, asanteni kwa kuja.

Tunayemzungumzia leo ni Grantley Herbert Adams. Alizaliwa Barbados tarehe 28 Aprili 1898, akafariki tarehe 28 Novemba 1971. Katika miaka hiyo alikuwa wakili wa wenye mali, kisha wakili wa makabwela, rais wa chama cha wafanyakazi kwa miaka 13, kiongozi wa kwanza wa serikali ya ndani ya kisiwa chake, na mwishowe waziri mkuu wa shirikisho lililokufa likiwa na umri wa miaka minne tu.

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kuwaona watu wa namna hizi mbili kila mmoja kivyake. Mwanasheria wa kesi za kisiasa tunamjua: D. N. Pritt aliyewatetea Kenyatta na wenzake Kapenguria. Kiongozi wa wafanyakazi naye tunamjua: Makhan Singh, Tom Mboya, Rashidi Kawawa, na hao hawakuwa mawakili. Adams alikuwa yote mawili kwa wakati mmoja. Nitakalolishikilia leo ni kwamba aliyofaulu na aliyokosea yalitoka katika chungu kimoja, nacho ni kazi yake ya uwakili. Nitaonyesha wapi na kwa vipi.

Tuanze na kisiwa chenyewe, maana bila kukijua hamtaelewa kwa nini kesi moja ya mtu mmoja iliweza kuwasha moto.

Barbados ina ukubwa wa kilomita za mraba 430 hivi, yaani karibu robo ya Unguja. Katika miaka ya 1930 wakazi wake hawakufika laki mbili, na karibu wote waliishi kwa miwa, moja kwa moja au kwa kupitia wenye miwa. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, na watu wakawa huru kabisa mwaka 1838. Jamaika kulikuwa na milima na mapori ambako walioachwa huru waliweza kujilimia. Barbados ardhi yote ilikwisha kuchukuliwa na mashamba makubwa. Mwaka 1840 Baraza la Wawakilishi, lililokuwa la wenye mashamba watupu, likapitisha sheria ya mabwana na watumishi iliyomfunga kibarua kwa kiwanja: ukikaa katika ardhi ya shamba, unafanya kazi katika shamba hilo kwa ujira wa shamba hilo. Ukienda kutafuta ujira mzuri kwa jirani, unapewa notisi ya kuhama.

Tazameni nyumba zao, kwa sababu nyumba inaeleza sheria vizuri kuliko mimi. Ilikuwa ya mbao, chumba kimoja au viwili, imekalishwa juu ya mawe yaliyopangwa bila saruji. Haikuchimbiwa msingi. Mbao zilifungwa kwa namna ambayo jamaa wachache wangeweza kuzifungua kuta moja moja, kuzipakia kwenye gari la kukokotwa, na kwenda kuzisimamisha upya pengine. Nyumba ilikuwa mali ya kibarua, ardhi mali ya bwana. Fundi aliyeijenga alijua tangu siku ya kwanza kwamba ipo siku itabomolewa.

Ujira wa mwanamume shambani katika miaka hiyo ulikuwa kiasi cha shilingi moja kwa siku, na wa mwanamke ulikuwa chini ya hapo. Tena si mwaka mzima. Msimu wa kukata miwa ni kuanzia mwanzo wa mwaka hadi katikati yake. Baada ya hapo inakuja miezi ya ukata, kazi chache, madeni dukani. Likumbukeni hilo la miezi, tutalirudia.

Na kura? Sheria ilidai mpigakura awe na mali au kipato cha pauni 50 kwa mwaka, na awe mwanamume. Kwa masharti hayo, wapigakura hawakufika watu watano katika kila mia. Baraza lilikuwa na historia ndefu, limeanza mwaka 1639, na wakubwa wa kisiwa walijivunia ukongwe huo. Lilikuwa na wajumbe 24, wawili kutoka kila jimbo, na uchaguzi ulifanyika kila mwaka. Ukiangalia kwa nje ungedhani hapa demokrasia imekomaa. Kwa ndani lilikuwa ni kikao cha wenye mashamba, wafanyabiashara na mawakili wao.

Adams hakuzaliwa katika nyumba ya kufunguliwa kuta. Baba yake alikuwa mwalimu. Mtoto akaingia Harrison College, shule bora kisiwani, na mwaka 1918 akashinda Barbados Scholarship. Huo ulikuwa ufadhili wa serikali, nafasi haba mno, ndio mlango ambao kijana mweusi asiye na mali angepitia kwenda chuo kikuu Uingereza. Akaenda Oxford, kisha akasomea uwakili London.

Wanafunzi wa sheria mliopo hapa, hebu niwaeleze uwakili huo ulivyopatikana, kwa sababu una uzito katika hadithi. Wakili wa mahakama za juu alifundwa na moja ya vyama vinne vya kale vya mawakili vya London. Mtihani peke yake haukutosha. Ilibidi kuhudhuria idadi fulani ya chakula cha jioni katika ukumbi wa chama chako kila muhula, uketi na mawakili na majaji, ujifunze mwenendo wao. Lengo lilikuwa kumtoa mtu anayejiona sehemu ya Mahakama ya Kiingereza popote atakapofanyia kazi. Tena wakili wa aina hiyo hakuchukua kesi moja kwa moja kwa mteja. Mteja alikwenda kwa wakili mwandaaji, huyo akaandaa jalada na kumpelekea msemaji wa mahakamani. Katika kisiwa cha miwa, mawakili waandaaji wenye kazi nyingi ni wale waliohudumia mashamba, benki na maduka ya Bridgetown, mji mkuu. Basi kijana aliyerudi mwaka 1925 akiwa na elimu ya Oxford na mikono mitupu, riziki yake ilipitia kwa nani? Jibu mnalo.

Alirudi mliberali wa Kiingereza hasa, wa ule mkondo wa Asquith, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Uingereza, mwenye imani kwamba Uingereza ikielezwa vizuri itatenda haki. Akapata jina haraka. Alicheza hata mechi moja ya kriketi ya daraja la kwanza kwa Barbados, na katika kisiwa kile hilo si jambo dogo. Siasa za makabwela wakati huo zilikuwa mikononi mwa wengine: Dk. Charles Duncan O'Neal, aliyeanzisha Democratic League mwaka 1924, na mwandishi Clennell Wickham wa gazeti la Herald, kalamu kali kuliko zote kisiwani. Adams aliwapinga wote wawili, kwenye magazeti na kwenye majukwaa.

Mwaka 1930 mfanyabiashara mmoja alimshtaki Wickham na gazeti lake kwa kashfa. Wakili wa mlalamikaji alikuwa Adams. Akashinda, na ushindi huo ukalimaliza gazeti. Wickham akapoteza jukwaa lake, akaondoka kisiwani, akafa mwaka 1938 huko Grenada.

Wanaomsifu Adams hupita hapa mbiombio. Si haki kupita hivyo. Watasema wakili hufanya kazi aliyopewa, na ni kweli. Bila kanuni hiyo mshtakiwa asiyependwa hatapata mtetezi. Lakini sheria ya kashfa katika koloni ilikuwa na tabia yake. Mwenye mali hakuhitaji serikali ifunge gazeti. Alihitaji maneno machache yaliyozidi ushahidi, baraza la wazee wa mahakama lililochaguliwa kutoka kwa wenye mali wenzake, na fidia kubwa kuliko uwezo wa gazeti. Adams aliijua mashine hiyo na akaiendesha kwa ustadi. Makabwela wa Barbados wakapoteza sauti yao kali kuliko zote iliyochapishwa, na miaka saba baadaye sauti ikatoka barabarani.

Adams aliingia Barazani mwaka 1934 kutoka jimbo la St Joseph. Humo ndani ndipo alipoanza kubadilika. Alipeleka hoja za ujira, za ajira ya watoto, za fidia kwa wanaoumia kazini, akaona jinsi zinavyozikwa na watu wale wale waliomlipa mahakamani.

Tarehe 26 Machi 1937 akafika Bridgetown mtu anaitwa Clement Payne. Wazazi wake ni Wabarbados, lakini yeye alizaliwa Trinidad, akaletwa Barbados angali mtoto mdogo, akakulia hapo. Trinidad alikuwa akifanya kazi na Uriah Butler, kiongozi wa wafanyakazi wa visima vya mafuta. Alipoingia alimwambia ofisa wa uhamiaji kwamba amezaliwa Barbados. Kisha akaanza mikutano ya hadhara, mingi ikiwa katika uwanja wa Golden Square: jiungeni, undeni chama, dai la mmoja halisikiki. Umati ukawa unaongezeka kila wiki. Mwezi Juni mafuta ya Trinidad yakasimama, damu ikamwagika kule, na serikali ya Barbados ikaingiwa na hofu.

Wangemshtaki kwa uchochezi, lakini uchochezi unahitaji ushahidi wa maneno. Wakachagua njia nyepesi: kwamba alitoa maelezo ya uongo kwa makusudi kuhusu mahali alipozaliwa. Tarehe 22 Julai hakimu akamtia hatiani, faini pauni 10 au kifungo. Wafuasi wake wakachangishana, na rufaa ikapewa Adams.

Hapa kuna funzo la ufundi. Adams hakubishana juu ya wafanyakazi wala ujira. Alishika neno moja la kosa lenyewe: kwa makusudi. Mtu aliyeletwa kisiwani akiwa mdogo, wazazi wake ni wa hapo, akakulia hapo, anaposema "nimezaliwa hapa" anaweza kusema lisilo kweli bila kukusudia uongo. Na kama hakuna kusudi, hakuna kosa. Tarehe 26 Julai hatia ikafutwa.

Adams akashinda kesi, na Payne akafukuzwa nchini siku ile ile. Serikali ilikuwa imekwisha kuandaa amri ya kumtoa nchini, nayo haikutegemea matokeo ya rufaa. Watu walikusanyika bandarini kumwona; wakakuta amekwisha kupakiwa kwa siri na kupelekwa Trinidad. Usiku huo vioo vya Bridgetown vikaanza kuvunjwa. Kesho yake, tarehe 27, ghasia zikaenea mashambani, watu wenye njaa wakachimba viazi vya mashamba na kuvunja maduka. Polisi wakafyatua risasi. Watu 14 waliuawa, 47 wakajeruhiwa, na zaidi ya 400 wakakamatwa. Ulric Grant, mmoja wa vijana wa Payne, alifungwa miaka 10.

Tazameni na mwezi. Julai: miwa imekwisha kukatwa, ukata umeanza. Ghasia za Julai zinatoka kwa watu wasio na kazi ya kugomea. Mgomo wenye nguvu ni ule wa wakati wa mavuno, kwa sababu muwa ukishakatwa lazima usagwe ndani ya siku moja au mbili. Ukilala unapoteza sukari, na hasara ni ya mwenye shamba. Kwa hiyo mfanyakazi wa miwa anayo nguvu ya kweli kwa miezi minne au mitano tu ya mwaka, na ili aitumie sharti awe amejipanga kabla ya msimu, ana daftari la wanachama, ana mfuko wa kuwalisha watu wiki kadhaa. Mambo hayo hayapatikani kwa hasira. Yanahitaji chama.

Mwaka huo huo Adams akasafiri hadi London kueleza Wizara ya Makoloni hali ilivyo. Barbados ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Sir George Deane, nayo ikakiri mambo ambayo wenye mashamba hawakutaka kuyasikia: ujira mdogo kupita kiasi, na sukari yenye uwezo wa kulipa zaidi. Mwaka 1938 Uingereza ikatuma tume kubwa zaidi katika visiwa vyote, iliyoongozwa na Lord Moyne, na ndani yake alikuwemo Walter Citrine, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Uingereza. Mwaka huo huo Barbados ikaanzishwa Barbados Progressive League. Mwaka uliofuata Adams akawa rais wake baada ya kukorofishana na Herbert Seale, mpanga mikutano hodari aliyependelea migomo ya papo kwa papo. League hiyo ndiyo inayojulikana leo kama Barbados Labour Party.

Mbele ya tume ya Moyne alizungumza kama anayejenga kesi: ujira, umiliki wa ardhi, nyumba, kura, moja baada ya jingine, kila dai na tarakimu zake. Ripoti ilikamilika mwishoni mwa 1939, lakini Uingereza ilikuwa vitani na hali iliyoelezwa mle ilikuwa aibu tupu. Ripoti kamili ikafichwa hadi 1945. Ila mapendekezo hayakungoja. Mwaka 1940 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya maendeleo na ustawi wa makoloni, pauni milioni 5 kwa mwaka, na ikawekwa sharti: koloni litakalopewa fedha liwe na sheria inayolinda vyama vya wafanyakazi kwa kiasi kinachofaa.

Hapo ndipo Barbados inapogusana na kwetu. Wimbi lile halikuwa la visiwa vya Karibi peke yake. Mombasa na Dar es Salaam nako kuligomwa mwaka 1939, bandari zikasimama. Sharti la 1940 liliihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kama lilivyoihusu Barbados. Maofisa wa kazi walioanza kuonekana katika miji yetu, na sheria za vyama zilizoandikwa upya katika miaka ya 1940, sehemu ya chanzo chake ni watu wale 14 wa Julai 1937.

Sasa tuingie ndani ya chama. Ndugu zetu wa vyama, hii ni sehemu yenu.

League mwanzoni ilifanya kila kitu pamoja: siasa, kudai ujira, na mifuko ya kuzikana na kusaidiana. Wakili aliona hatari yake. Uingereza mwaka 1901 katika kesi ya Taff Vale mahakama iliamua kwamba kampuni ya reli inaweza kukishtaki chama kwa hasara ya mgomo, na chama kikalipa pauni 23,000. Ndiyo maana Waingereza walitunga sheria ya 1906 ya kukilinda chama dhidi ya madai hayo. Katika makoloni mengi sheria za vyama ziliandikwa nusunusu: zinaruhusu kusajili, hazitoi kinga hiyo wala haki ya wagomaji kusimama langoni kuwashawishi wenzao kwa amani. Moyne alilisema hilo waziwazi. Katika hali hiyo, kundi lisilosajiliwa lililochanganya siasa na mgomo katika kasha moja la fedha linaweza kupoteza vyote kwa shauri moja.

Barbados ilipata sheria yake ya vyama mwaka 1939, ikaanza kutumika 1940. Mwaka 1941 upande wa wafanyakazi ukatengwa na kusajiliwa peke yake kama Barbados Workers' Union. Adams akawa rais, Hugh Springer katibu mkuu. Springer naye alikuwa msomi wa Oxford na wakili, mtu wa mafaili, na kwa maoni yangu chama kilisimama kwa sababu yake kuliko kwa hotuba za Adams. Wakati Adams akinguruma jukwaani, Springer alikuwa anahakikisha michango inaandikwa kwa jina na tarehe, na kila aina ya kazi, bandari, viwanda vya chuma, mashamba, ina tawi lake lenye viongozi wake ndani ya chama kimoja. Kisiwa kidogo kikiwa na vyama kumi vya kazi kumi, mwajiri huviangusha kimoja kimoja. Waliamua kimoja tu, na chama hicho kipo hadi leo.

Utaratibu waliousimamisha ni huu tunaoufahamu: malalamiko yanaanza kwa mwakilishi wa tawi, yanaandikwa, yanapelekwa kwa mwajiri kwa barua, kunapangwa kikao, na kinachokubaliwa kinatiwa saini kuwa mkataba wa hali bora wenye muda maalumu. Leo unaonekana wa kawaida. Mwaka 1941 kwa mwenye shamba wa Barbados, kukaa meza moja na katibu mweusi na kutia saini ujira wa msimu ujao ilikuwa jambo ambalo babu yake asingelikubali hata kwa ndoto. Palipoharibika ni mashambani. Mfanyakazi wa bandari unamkuta mahali pamoja kila siku. Kibarua wa miwa ametawanyika katika mamia ya mashamba, anaogopa notisi ya nyumba, na nusu ya mwaka hana shilingi ya kulipia kadi. Mchango usipokusanywa wakati wa mavuno, haukusanyiki tena.

Kura ikafuata. Mwaka 1943 sharti la kipato lilishushwa kutoka pauni 50 hadi 20, na wanawake wakaruhusiwa kupiga kura na kugombea. Katika uchaguzi wa 1944 viti 24 viligawanyika karibu sawa kati ya chama cha Adams, chama cha Congress cha Wynter Crawford, na wahafidhina. Mwaka 1946 Gavana Grattan Bushe akatangaza kwamba atamwita anayeongoza kundi kubwa Barazani na kuwachukua wajumbe wa Kamati ya Utendaji kwa ushauri wake. Katiba haikubadilishwa hata mstari mmoja, ilibadilishwa desturi. Adams alipata viti tisa, akaungana na Crawford, akaanza kuiongoza serikali kwa mlango huo mwembamba. Baraza la juu la walioteuliwa lilikuwa bado linaweza kukwamisha muswada, gavana alikuwa bado na kauli ya mwisho, lakini Adams alijua kwamba katika sheria za Kiingereza desturi ikirudiwa mara mbili tatu inakuwa kanuni. Mwaka 1950 masharti ya mali yakafutwa kabisa. Mwaka 1951 kila mtu mzima akapiga kura, na chama chake kikapata viti 15 kati ya 24. Mwaka 1954 akawa kiongozi rasmi wa serikali ya mawaziri.

Kutoka kura ya watu wachache hadi kura ya wote ni miaka minane. Hakuna risasi iliyopigwa katika miaka hiyo. Mimi huwa narudi kwenye miaka hiyo minane kila ninapomsikia mtu akisema Adams hakufanya kitu ila kuvaa joho.

Lakini mkono wa pili wa wakili ulikuwa unafanya kazi pia. Mwaka 1948 Uingereza ilimweka katika ujumbe wake kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mjini Paris, na akasimama kutetea sera ya Uingereza katika makoloni dhidi ya mashambulizi ya upande wa Urusi. Wazalendo wa Afrika Magharibi walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Mtu aliyewaona 14 wakizikwa alipewa jalada la serikali iliyofyatua risasi, akalisoma kwa ufasaha wake wote. Aliamini kweli kwamba Uingereza inabadilika, na Barbados ilimpa sababu ya kuamini. Kosa lake ni kudhani kwamba Barbados ni ushahidi wa makoloni yote.

Nyumbani nako vijana walichoka. Errol Barrow, mwanasheria na mchumi aliyepigana vita akiwa mwongoza njia katika ndege za kivita za Uingereza, aliona Adams amepunguza mwendo. Mwaka 1955 Barrow na wenzake wakaanzisha Democratic Labour Party. Adams alikuwa amekwisha kuacha urais wa chama cha wafanyakazi mwaka 1954, na uhusiano na Frank Walcott, aliyekuwa amempokea Springer ukatibu mkuu, ukawa mbaya. Kiongozi wa chama cha siasa aliyekitegemea chama cha wafanyakazi kupata kura, kisha akakiacha kando baada ya kupata serikali, atalipishwa kwa kura zile zile. Mwaka 1961 wakati Adams hayupo kisiwani, chama chake kilibaki na viti vitano tu.

Alikuwa wapi? Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad, akiongoza Shirikisho la West Indies.

Shirikisho lilianza tarehe 3 Januari 1958 likiwa na visiwa na makundi 10. Uchaguzi ulifanyika Machi, na Adams akawa waziri mkuu kwa sababu Norman Manley wa Jamaika na Eric Williams wa Trinidad, wenye visiwa vikubwa, walibaki kwao. Serikali yake haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi ya mapato kwa miaka mitano ya mwanzo. Iliishi kwa mchango wa lazima wa dola za West Indies milioni 9.12 kwa mwaka, kwa visiwa vyote: Jamaika ikitoa asilimia 43, Trinidad 39, Barbados 9 hivi. Fedha hiyo haikutosha kujenga barabara moja ya maana katika kila kisiwa. Mkono mtupu haulambwi, na wananchi wa visiwa hawakuwa na sababu ya kuujali mkono huo wa Port of Spain.

Mwishoni mwa 1958 Adams akasema kwamba miaka mitano ikipita, serikali ya shirikisho inaweza kutoza kodi ya mapato na kuirudisha nyuma hadi mwaka wa kuanzishwa. Kisheria hoja ilikuwepo. Kisiasa aliwapa wapinzani wa Jamaika silaha waliyokuwa wanaitafuta. Alexander Bustamante akapita kila parishi na kodi hiyo mdomoni. Tarehe 19 Septemba 1961 Wajamaika wakapiga kura ya maoni, asilimia 54 wakakataa kubaki. Williams akasema kumi ukitoa moja inabaki sifuri, na Trinidad ikaondoka. Shirikisho likavunjwa tarehe 31 Mei 1962, siku ile ile iliyokuwa imepangwa kuwa siku ya uhuru wake.

Mwaka mmoja baadaye, Juni 1963, Nyerere, Kenyatta na Obote walitia saini Nairobi tamko la nia ya kuunda shirikisho la Afrika Mashariki. Mliosoma habari hizo mnajua lilipoishia. Ningependa wanafunzi wa katiba waziweke hati hizi mbili mezani pamoja, waangalie kifungu cha kodi na kifungu cha nani anabaki kwao na nani anakwenda makao makuu. Kuna na njia nyingine iliyotuunganisha: Telford Georges, mzaliwa wa Dominika, mojawapo ya vile visiwa kumi, alikuja kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 1965 hadi 1971.

Adams alirudi Barbados, akaingia tena Barazani mwaka 1966 akiwa kiongozi wa upinzani, na akaiona Barbados ikipata uhuru tarehe 30 Novemba mwaka huo chini ya Barrow. Alistaafu mwaka 1970. Mtoto wake Tom, naye wakili, akawa waziri mkuu mwaka 1976.

Mwaka 1998 Barbados ilitangaza kwa sheria mashujaa 10 wa taifa, na sikukuu yao ikawekwa tarehe 28 Aprili, siku ya kuzaliwa Adams. Katika orodha hiyo yumo Clement Payne aliyefukuzwa, yumo Dk. O'Neal aliyepingwa, yumo Springer wa mafaili, Walcott waliyekosana, na Barrow aliyemshinda. Clennell Wickham hayumo. Kwa maoni yangu alistahili kuwemo, na anayetaka kumsoma Adams kwa haki asianze na kesi ya Payne ya mwaka 1937, aanze na ile ya kashfa ya mwaka 1930.

Nipo tayari kwa maswali yenu.